Barakoa Safi za Fundi Springi

Mjomba wangu akicheka, mdomo wake wa chini unakwenda kushoto peke yake, kama mwanafunzi anayetoroka darasani. Una kovu. Wasiomjua hudhani alipigana ujanani, na yeye hawakatalii. Ukweli ni kwamba kovu lile limetokana na kiti. Si kwamba alipigwa nacho. Angepigwa nacho angekuwa na la kujivunia.

Mtaa mzima unamwita Fundi Springi. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho na huko ndiko linakoishi. Ni fundi makochi. Kibanda chake kinapakana na cha Seremala, na wawili hao wamegawana kazi tangu sijazaliwa: Seremala anaunda mifupa ya kochi, mjomba anaivisha nyama na ngozi. Ukiingia unakutana na sponji zilizopangwa hadi darini, springi zinaning'inia kama mikufu ya jitu, magunia, majora ya vitambaa, na katikati yake mtu mwembamba anayeongea huku mdomo umefumba.

Kufumba mdomo ndiyo kazi yenyewe. Fundi makochi wa zamani hachukui misumari kwenye kopo. Anajaza vimisumari mdomoni, vile vifupi vyenye vichwa vipana, anavilaza shavuni, kisha ulimi unakisukuma kimoja kimoja hadi kwenye mdomo, kichwa kikiwa mbele. Nyundo yake ina sumaku. Inakuja mdomoni, inanyakua msumari, inashuka kwenye mbao: ta! Inarudi. Mkono mmoja umevuta kitambaa, mwingine una nyundo, na mdomo ndio kopo. Ukimwangalia mjomba akizungushia kiti kitambaa, utadhani anabusiana na nyundo. Stepla ya umeme alikuwa anaidharau waziwazi. "Hiyo ni ya kubandikia matangazo ya waganga," alikuwa akisema. "Kochi si ukuta."

Basi figo zake zikafa. Zilikufa kimyakimya, bila hata kumuaga, akawa mtu wa kulazwa pembeni ya mashine na kusafishwa damu, rangi yake imekuwa ya jivu, miguu imevimba kama mito aliyoishona mwenyewe. Aliyemtoa huko ni mama yangu. Mama ni dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, mwanamke ambaye akikupima kiuno anakutajia na tabia zako. Alipimwa, damu zikakubaliana, akampa figo moja. Mimi nikaipa ile figo jina: Mama Mdogo. Nikifika kibandani naliamkia kwanza tumbo la mjomba.

"Shikamoo Mama Mdogo."

"Anasema marahaba," mjomba anajibu, "na anauliza diploma ya watu imefika wapi."

Diploma imefika nusu, imekaa pale. Tuendelee.

Siku ya kutoka hospitali, daktari wa figo, dada mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, alitukalisha akatueleza lugha ya kibinadamu. Mwili, alisema, ukiona kiungo cha mtu mwingine unataka kukifukuza. Kwa hiyo mjomba atameza dawa maisha yake yote, dawa za kuwalaza walinzi wa mwili ili wasimguse mgeni. Shida ni kwamba walinzi wakilala, hawamlalii mgeni peke yake. Vijidudu na ukungu ambavyo sisi wengine tunavivuta puani, tunapiga chafya na kuendelea na maisha, kwake vinaweza kuingia na kupanga chumba. "Kaa mbali na vumbi, udongo, mbao zilizooza, vitu vyenye ukungu," alisema. "Na barakoa ukiwa kazini."

Mama akamgeukia mdogo wake palepale. "Umesikia? Kuuza vitambaa, sawa. Kushona mito mipya, sawa. Kuchana makochi ya watu yaliyolaliwa na panya, usithubutu."

"Dada, naapa."

"Usiape. Fanya."

"Naapa nitafanya."

Mama akamshonea barakoa kwa masalia ya kitambaa cha sare, zile za bluu iliyoiva, akazitia mpira wa masikioni, akaweka utaratibu: kila mwisho wa wiki barakoa zinakuja kwake anazifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Alikuwa akizishika moja moja na kuziangalia kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa safi. Hazikuwa na hata doa.

"Mwone mdogo wangu," alikuwa akituambia mezani, sauti imejaa. "Zingekuwa nyeusi kama angekuwa anagusa vumbi. Nimempa figo mtu anayejua kutunza."

Mjomba akiwepo, alikuwa anainama na kutafuta kitu ndani ya sahani yake. Sote tulidhani ni unyenyekevu.

Yaliyokuwa yakiendelea kule kibandani tuliyajua baadaye, na aliyetuambia ni yeye, kwa hiyo nayasimulia kama alivyoyasema, nikimpunguzia visingizio.

Alijitahidi kuuza vitambaa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, majora nyuma yake, na watu wakapita. Aliyekuja aliuliza bei, akashika kitambaa, akaondoka. Upande wa pili wa ukuta Seremala anagonga, anaimba, mikono ina kazi. Mjomba mikono yake imelala mapajani kama ya mgeni rasmi. Kisha akaja Mwalimu Mstaafu, mama mmoja mnyoofu aliyewahi kumfundisha kusoma, na mkokoteni nyuma yake umebeba kiti cha mikono cha marehemu mama yake. Kiti kilikuwa kimekaa miaka kwenye chumba kinachovuja. Kitambaa kimeoza, mbao za chini zina madoa meusi, kinanuka kama chini ya kisima.

"Mwalimu, siku hizi sichani tena," mjomba akamwambia. "Afya."

"Pole, mwanangu. Basi nitampelekea yule kijana wa stepla, kule karibu na kituo cha mafuta."

Nikimuuliza mjomba ni kitu gani hasa kilimwangusha, hataji mapenzi ya kazi wala huruma kwa mwalimu wake. Anasema: "Stepla, mpwa wangu. Kiti kile kupigwa stepla!"

Akakipokea. Na kwa sababu alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, alivaa barakoa. Akachana gunia la juu, akang'oa misumari ya zamani kutoka kwenye mbao ile laini kama mkate uliolowa. Ilikuwa misumari mizuri, ya chuma cha enzi hizo, haijapinda. Anajua kabisa kwamba hapo alitakiwa kuitupa. Lakini wakati wa kugongea kitambaa kipya ulipofika, mkono wa kushoto ukavuta kitambaa, wa kulia ukashika nyundo, na mwili ukafanya ulichofanya maisha yake yote. Barakoa ikashuka shingoni. Misumari ya kwenye mbao iliyooza ikaingia mdomoni.

Kiti kilipendeza. Mwalimu Mstaafu alikikalia akalia. Baada ya kiti kile kukaja kochi la kanisani, na baada ya kochi likaja jingine, maana mtaa ulishapata habari kwamba Springi amerudi. Barakoa ikawa na makao ya kudumu shingoni. Akisikia hatua zetu mlangoni, inapanda puani upesi kama askari aliyesikia gari la mkubwa wake, na misumari inatemwa kiganjani. Nami naingia, namkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki ametulia kama picha ya pasipoti. "Shikamoo Mama Mdogo," nasema. Na yeye ananijibu.

Safari moja msumari ukateleza ukamchoma mdomo wa chini kwa ndani. Ukatoka tone la damu, akalifyonza, akaendelea. Fundi gani makochi hajachomwa mdomo? Baada ya wiki kadhaa pakaota kitu, kigumu, mfano wa punje ya harage chini ya ngozi. Hakikuuma. Kingeuma angesema, anadai. Kikakua polepole, kikaleta weusi juu yake.

Seremala ndiye aliyekiona kwanza, na Seremala hana breki.

"Fundi! Huo mdomo umembusu nani mwenye meno?"

"Nimejigonga mlango."

"Mlango wa nani? Mume wake alikuwepo?"

Wateja wakacheka. Mjomba naye akacheka, akiwa ameufunika mdomo kwa kiganja. Lakini mtaa haukuishia kwenye kucheka. Mwanamume mwembamba, anameza vidonge kwa saa, sasa ana kidonda mdomoni kisichopona; watu wakajumlisha wanavyojua wao. Kwenye bomba la maji wakawa wananyamaza akifika. Alipokwenda zahanati aliambiwa ni jipu, akapewa dawa ya jipu. Jipu halikusikia.

Ndipo akaanza kuivaa barakoa kama inavyotakiwa. Mbele ya wateja, njiani, hata akija kwetu: pua, mdomo, kidevu, vyote ndani. Alikuwa anaficha uvimbe. Na mama, masikini, alizidi kufurahi. "Mwangalieni. Hata hapa nyumbani haivui!"

Aliacha kula kwetu. "Nimeshiba, dada." Akiletewa chai, "Nimetoka kunywa, dada." Mara ya tatu, au sijui ya nne, mama akaweka kikombe mezani taratibu. Alimfuata kwenye kochi, akanyoosha mkono, akaishusha barakoa kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa akimfuta kamasi utotoni.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hii ni nini?"

"Mlango, dada."

"Vaa viatu."

Kule kliniki ya figo walikata kipande kidogo wakakipeleka maabara. Majibu yalipotoka daktari wetu alikuja nayo mwenyewe, miwani ameipandisha kichwani. Alisema ni fangasi, lakini si wa midomoni wala wa vidoleni. Ni jamii ya ukungu mweusi unaoishi kwenye mbao zinazooza na kwenye udongo. Alisema amewasoma tu, hajawahi kukutana nao kwa mgonjwa. Nilitaka kumpongeza mjomba kwa kuwa wa kwanza, nikaona uso wa mama nikameza.

"Mzee," daktari akamuuliza, "kazi yako ni nini?"

"Nauza vitambaa."

"Vitambaa tu? Kuna siku umechomwa mdomoni na kijiti, mwiba, msumari? Umeshika mbao mbovu?"

Mjomba akaangalia sakafu. Kabla hajafungua mdomo, mama akamjibia.

"Daktari, huyu hagusi hata ufagio. Barakoa zake nazifua mimi kwa mikono yangu. Ni safi kama za mtoto. Niulize mimi, nakula kiapo."

Na mjomba akasema, "Hapana, daktari. Sijachomwa."

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Niliona masikio yake yanabadilika rangi. Nikadhani ni homa.

Kumbe jibu lile lilikuwa na bei yake. Daktari alitueleza: uchafu wa aina hii ukiingia kwa kuchomwa, mara nyingi unabaki palepale, wanaukata, wanatoa dawa, wanafuatilia. Lakini kama hakuchomwa, basi labda aliuvuta kwa hewa, ukakaa mapafuni, ukatembea na damu hadi mdomoni, na huenda uko kwingine, hata kichwani. Hapo ni vita nyingine. Atalazwa, apigwe picha za kifua na kichwa, na huenda wakalazimika kupunguza sana zile dawa za kuwalaza walinzi, ili mwili upigane.

"Na walinzi wakiamka?" mama akauliza.

"Wanaweza kumwona mgeni."

"Nakuuliza figo."

"Mama, figo siwezi kukuahidi."

Akalazwa. Chumba chenye vitanda sita, dirisha linaloangalia ukuta, na bomba la kunawia linalodondoka. Mjomba alijifunika shuka hadi puani. Seremala alikuja kumwona, akasimama miguuni pa kitanda akizungusha kofia yake.

"Fundi, nisamehe ule utani wa mume wa mtu."

"Hukukosea sana," mjomba akamjibu kutoka ndani ya shuka, na Seremala hakuelewa, akaacha machungwa akaenda.

Kilichomvunja mjomba hakikuwa daktari, wala picha, wala sindano. Asubuhi moja mama alifika na mfuko. Alikuwa hajalala, macho yamemvimba. Akamwaga barakoa zote kitandani, zile za bluu iliyoiva, zilizofuliwa, zilizopigwa pasi.

"Nimefikiria," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ile sauti. "Haya masalia nilikuwa nayaweka stoo, chini, kwenye pembe ile yenye unyevu. Nilikuwa nayafua, lakini nani ajuaye? Labda ukungu ulikuwa humo. Labda ni mimi niliyekufunga huo uchafu mdomoni, mdogo wangu. Wazipeleke maabara wazipime. Nisamehe."

Mama yangu. Mwanamke aliyefunguliwa ubavu akatolewa figo, anaomba radhi.

Mjomba akaishusha shuka. Muuguzi alikuwa kitanda cha pili anapima presha. Mjomba akamwita kwa mkono, "Sista, naomba daktari. Sasa hivi. Asije mtu mwingine."

"Unaumwa wapi, mzee?"

"Niitie tu."

Daktari akaja, akidhani kumeharibika. Mjomba akakaa wima. Hakumwangalia yeyote, aliziangalia barakoa.

"Siuzi vitambaa," akasema. "Yaani nauza, lakini sivyo. Nachana makochi. Nilianza na kiti cha Mwalimu, kilichooza, misumari niliing'oa mle nikaiweka mdomoni. Ndiyo tunavyofanya sisi. Mmoja ukanichoma hapa. Msumari wa kwenye mbao nyeusi. Nilikudanganya."

Daktari akavuta kiti. Akamuuliza lini, msumari wa namna gani, uvimbe ulianza baada ya muda gani, na mjomba akajibu kila kitu kama mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi. Mimi nilikuwa namwangalia mama. Alikuwa anazikunja barakoa. Anaikunja moja, anaiweka, anachukua nyingine. Alipofika ya mwisho akasimama nayo.

"Na hii ilikuwa wapi?"

"Shingoni, dada."

"Siku zote?"

"Misumari haipiti kwenye kitambaa."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia. "Ndiyo maana zilikuwa safi," akasema. "Na mimi nilikuwa nakusifia mbele za watu."

Akazitia kwenye mfuko akaondoka. Nilimfuata hadi kwenye ngazi. Hakutaka kufuatwa.

Mjomba alilia. Utani wote niliokuwa nao tangu kuzaliwa ulikuwa umeniishia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani kwa adabu.

Picha zilikuwa safi, kifua na kichwa. Kwa maelezo yale, daktari aliacha dawa za figo zilivyokuwa, akaugeukia mdomo. Waliikata ile punje ya harage yote pamoja na nyama ya pembeni, wakamshona, na kumwanzishia vidonge vya fangasi vya miezi mingi. Vidonge hivyo navyo vina ugomvi na vile vya figo: vinavipandisha nguvu mwilini hadi vinaweza kuidhuru figo yenyewe, kwa hiyo ilibidi vya figo vipunguzwe kwa hesabu na damu ipimwe mara kwa mara. Mama Mdogo alitetereka kidogo, kisha akatulia. Laiti mjomba angesema siku ya kwanza, daktari alimwambia bila kumgombeza, asingelazwa kitambo chote kile. Afadhali angemgombeza.

Mama hakugombeza pia. Kwa muda mrefu alimletea chakula, akamsimamia dawa, akamuuliza kuhusu choo na usingizi, na hakumwambia neno jingine lolote. Mjomba alikuwa anatusindikiza hadi mlangoni kila jioni akisubiri atukanwe. Hakutukanwa.

Aliporudi kibandani, kuchana kulishahamia kwa Seremala, nyuma, kwenye upepo, na mbao yenye doa ikitupwa hairudi. Mjomba anavisha fremu mpya tu. Misumari iko kwenye kopo. Alikubali hata stepla kwa sehemu za chini zisizoonekana, na siku aliyoinunua aliibeba ndani ya mfuko mweusi kama mtu aliyenunua kitu cha aibu.

Wiki ya kwanza ya kazi mama alipita pale asubuhi akienda kazini kwake. Mkononi alikuwa na barakoa mpya. Haikuwa na mpira wa masikioni. Ilikuwa na kamba ndefu nne, za kufungwa kisogoni. Wateja walikuwepo, Seremala alikuwepo, Mwalimu Mstaafu alikuwa amekuja kutoa pole.

"Geuka," mama akamwambia.

"Dada, nitafunga mwenyewe."

"Geuka."

Akageuka. Mtu mzima, mwenye mvi, akainamisha kichwa mbele ya wote, na dada yake akamfunga fundo juu, fundo chini, akavuta kuhakikisha, akaenda zake. Seremala akashika breki, akarudi kwenye randa yake.

Mpaka leo anapita kila asubuhi kumfunga, na wikendi anaifua. Siku hizi zinarudi zimechafuka. Nilimkuta mama uani ameinamia beseni, maji yamekuwa ya kijivu, anayaangalia.

Jana nilimkuta mjomba anazungushia kiti kitambaa cha kahawia. Mkono wa kushoto umevuta, wa kulia umeshika nyundo. Kisha, bila kufikiri, aliweka nyundo chini, akachukua vimisumari kwenye kopo akavipeleka mdomoni. Vikagonga kitambaa cha bluu, vikadondoka sakafuni, ti, ti, ti. Alibaki mkono uko hewani. Akageuka haraka kuangalia kama kuna aliyemwona.

Nilikuwa naangalia barabarani kwa makini sana.